Sura ya Dolgogae

Seoul, 3 Machi

Kwako Shangazi Mal-sun,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoamuru, ingawa wenzangu ofisini wamenicheka. Mmoja ameniuliza kama natunga wosia.

Nina habari njema. Kampuni yetu imeingia kwenye kinyang'anyiro cha kuujenga upya mtaa wa Dolgogae. Najua ushirika wa wenye nyumba umeshasajiliwa na mwenyekiti ni Bwana Tak, yule mwenye bafu la umma. Mwezi wa sita wenye nyumba watapiga kura kuchagua kampuni, na mimi, mtoto uliyemlea kwenye ngazi hizo hizo za mlimani, nimewekwa Idara ya Ushirikishwaji wa Jamii. Usicheke. Siku hizi hakuna anayejenga kwa mabavu. Kwanza tunasikiliza. Wiki ijayo wenzangu wawili watakuja kuendesha warsha ya Sauti ya Wakazi.

Nina ombi moja. Kila mtu Dolgogae anakuamini. Umekuwa dalali wa nyumba hapo tangu enzi za babu, na hakuna familia ambayo hukuitafutia chumba. Ukikubali kuwa mwakilishi wa wakazi kwenye mpango wetu, wengine watafuata. Mke wangu Se-rin anakusalimu. Mimba inaendelea vizuri.

Mwanao,
Do-gyeom


Busan, 12 Machi

Do-gyeom,

Marahaba. Nimecheka.

Nakulazimisha kuandika kwa sababu nikikupigia simu unasema uko kwenye kikao. Barua haiambiwi niko kwenye kikao.

Hao wenzako walikuja. Wasichana wawili, glavu nyeupe mikononi utafikiri wanakuja kuhamisha maiti. Wametugawia taulo na miavuli yenye jina la kampuni, wakatuketisha mbele ya mfano wa mtaa uliotengenezwa kwa povu gumu. Minara mitupu. Nikauliza, "Na sisi tuko wapi hapa?" Msichana akaninyooshea tone la rangi ya kijani, akasema hiyo ni bustani ya angani. Basi sisi ni tone.

Halafu wakatupa vikaratasi vya kubandika. Vya njano ni ndoto, vya kijani ni kumbukumbu. Bibi Gu Bong-nyeo, unamkumbuka, mpangaji wa chumba cha chini kwa Mzee Eom, akaandika: choo cha ndani. Msichana akamwambia kwa upole kama anaongea na kichaa, "Bibi, hiyo si ndoto. Hilo ni hitaji. Mahitaji ni ya pinki."

"Haya, nipe cha pinki."

"Vya pinki vimeisha, bibi."

Ndiyo huo ushirikishwaji wako. Bwana Tak naye kabandika ndoto nne za maegesho, na gari hana. Nikamuuliza yule msichana mpangaji atapata nini nyumba zikibomolewa. Akasema wapangaji wanakaribishwa kutoa maoni. Kura hawana, fidia ya maana hawana, ila gundi wanayo.

Uwakilishi wako sitaki. Mwambie bosi wako atafute punda mwingine.

Mwambie Se-rin ale mwani, ni mzuri kwa mjamzito. Wewe kula aibu.

Shangazi yako


Seoul, 20 Machi

Shangazi,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mstari mmoja usio na dharau. Sikuuona.

Basi na mimi niseme. Unaidharau kazi yangu, na yako ni ipi? Kochi moja lililochanika, ubao wa sataranji, na wazee watatu wanaokunywa kahawa ya bure toka asubuhi. Mtu akija kutafuta chumba unamkagua kana kwamba anamposa binti yako. Unauliza anakoroma? Anapika samaki wa kuchacha? Siku hizi kijana anafungua simu, anaona vyumba mia, anachagua akiwa kitandani. Ofisi kama yako hapa Seoul zimekwisha. Nyingine zimegeuzwa mikahawa, na ule ubao wa sataranji unatundikwa ukutani kama pambo. Hicho chumba cha Bibi Gu ni wewe uliyempa, na kila msimu wa mvua kinaota ukungu mpaka kwenye godoro. Simu isingemdanganya zaidi ya hivyo.

Unazungumzia ngazi kama urithi. Mimi nilizipanda na mitungi ya gesi begani nikiwa na miaka kumi na miwili. Na nilizishuka na baba mgongoni siku alipopooza, kwa sababu gari la wagonjwa lilisimama chini, halikuweza kupanda. Ulikuwa nyuma yetu umebeba viatu vyake. Unajua alikata roho kabla hatujafika barabarani. Nikiona minara ya povu kwenye meza, mimi naona lifti. Wewe cheka.

Do-gyeom


Busan, 2 Aprili

Do-gyeom,

Kaka yangu usimfanye ufunguo wa kila mlango.

Nilikuwa nyuma yenu, ndiyo. Sihitaji kusimuliwa. Na kwa taarifa yako, kujenga sikatai. Magoti yangu yenyewe yanaomba lifti. Mzee Eom paa lake limeshikwa na matairi. Wenye nyumba wanataka wajengewe, na wana haki.

Ninachokataa ni kuchekwa usoni huku nimeshikishwa mwavuli. Wewe na hao wa glavu mmeshapanga kila kitu. Mnakuja kutuuliza kama mgeni anayeuliza kama kuna chakula huku ameshaketi na kijiko mkononi. Ukitaka kunishirikisha, leta mkataba wa kampuni uniambie pale palipoandikwa wapangaji watalala wapi wakati wa ujenzi. Usiponiletea hilo, usiniletee kitu.

Kuhusu ukungu wa chumba cha Bibi Gu: ni kweli. Nilimpa kwa sababu alikuwa mjane na hakuna mwenye nyumba mwingine aliyemtaka. Sijamdanganya. Nilimwambia, "Kina ukungu." Akasema, "Na mimi nina ukungu." Tangu hapo anakula kwangu jioni. Huyo simu yako ingemuuliza nini?

Mal-sun


Busan, 28 Aprili

Do-gyeom,

Leo sina matusi, nina shida. Nisaidie.

Jana asubuhi nilitoka kununua tofu. Kwenye ukuta wa ngazi, pale chini kwenye kituo cha basi dogo, wametundika bango kubwa kama chandarua cha harusi. Ni mimi. Uso wangu, mikunjo yote, nacheka meno nje. Mkononi nimeshika kile kikaratasi cha njano. Maandishi yanasema: DOLGOGAE TAYARI. NAMI NIKO TAYARI. Chini jina la kampuni yenu.

Sikuwahi kukiinua hivyo kile kikaratasi. Walipotugawia nilikitia mfukoni. Sijui walinipigia picha wapi. Labda wale wasichana walijificha na simu zao kwenye warsha, lakini nakuapia siku ile sikucheka hata mara moja.

Nilipanda nyumbani, na kila mlango uliokuwa wazi ukafungwa. Mwenye duka la samaki, anayeuza na tofu, kanipa yangu bila kunitazama, nikamwambia, "Wewe, nimekukosea nini?" Akasema, "Hongera, dada. Wamekupa ghorofa ya ngapi?" Wazee wangu watatu wa sataranji hawakuja. Na Bibi Gu jioni hakuja kula. Nilimpelekea chakula mimi mwenyewe. Kafungua mlango nusu, kachukua bakuli, kamwaga chakula kwenye sufuria yake, kaosha bakuli, kanirudishia. Wapangaji wote wanaamini nimewauza.

Nimekwenda kwa Bwana Tak. Kanywa chai yake mpaka mwisho ndipo akasema, "Umetoka vizuri, Mal-sun. Ungekuwa mdogo kidogo tungekutumia kulitangaza na bafu."

Wewe uko huko ndani. Mtafute huyo mshenzi aliyefanya hivi. Nataka jina lake. Na bango litolewe.

Shangazi yako


Seoul, 4 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole sana. Nimeshtuka kusikia.

Nimeuliza. Mambo ya mabango yanafanywa na wakala wa nje, na kwa sasa si rahisi kujua picha ilipitia mikono ya nani. Wameahidi kufuatilia. Kuliondoa kabla ya kura kuna taratibu zake. Nakuomba usiende kwenye magazeti, maana itakuletea usumbufu bure.

Kusema kweli picha si mbaya. Wenzangu hapa wamesema una sura ya mtu anayeaminika. Watu watasahau baada ya wiki mbili.

Tunza magoti. Se-rin anakusalimu sana.

Do-gyeom


Busan, 15 Mei

Do-gyeom,

Ni Bibi Gu aliyeniambia. Alisimama mbele ya bango na fimbo yake mpaka basi likamwacha, kisha akapanda kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema, "Hiyo blauzi ulivaa sikukuu ya mavuno, Chuseok. Ndiyo uliyovaa uliponiletea keki za mchele."

Nikashuka. Nikasogea karibu mpaka pua yangu ikagusa pua yangu.

Ni Chuseok. Ni juu ya paa langu. Nyuma ya bega langu kuna ncha ya tangi la maji, wamesahau kuifuta. Mkononi sikuwa na kikaratasi, nilikuwa na peari. Nilikuwa nakumenyea wewe. Ulikuwa umeniambia kwamba mkijaliwa mtoto mtamwita jina la baba yako, nami nikacheka kwa furaha, ukasema, "Tulia hapo hapo, shangazi," ukapiga.

Picha hiyo iko kwenye simu moja tu duniani.

"Si rahisi kujua ilipitia mikono ya nani." Uliandika hivyo kwa mkono wako, na wino haukukukaukia. Nimekuita mshenzi kwenye barua iliyokwenda kwako mwenyewe, ukaisoma, ukanijibu shikamoo.

Usiniandikie.

Pyo Mal-sun


Seoul, 20 Mei

Shangazi,

Nakuandikia japo umenikataza.

Bosi alitaka uso wenye mikunjo ambao watu watauamini. Wenzangu wakaleta picha za waigizaji. Nami nikiwa nimekaa pale, mkataba wangu unaisha mwezi wa nane, mtoto anakuja wa tisa, nikafungua simu. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Nilijiambia utakubali baadaye, kwa ajili ya baba, kwa ajili ya lifti. Nilijiambia unapiga kelele tu, kama unavyopigaga.

Nilidhani nakujua.

Nisamehe.

Do-gyeom


Busan, 9 Juni

Kwa Bwana Pyo Do-gyeom, Idara ya Ushirikishwaji wa Jamii,

Mkutano mkuu ulifanyika juzi ukumbi wa shule. Hukuja. Wakasema unaumwa tumbo. Nikasema moyoni, huyo tumbo analo, kilichobaki sina hakika.

Nakueleza ili usije ukasikia toleo la wale wa glavu.

Mshereheshaji wenu, suti inang'aa kama kigae cha msalani, akakamata kipaza sauti: "Na sasa, yule mnayemjua nyote, Sura ya Dolgogae!" Wakawasha picha yangu ukutani, kubwa kuliko bango. Walitegemea nipunge mkono nikiwa nimeketi. Nikainuka. Nikapanda jukwaani. Watu wakazomea, "Msaliti! Shuka!" Sikujali. Nikamnyang'anya kipaza sauti.

Nikawaambia: "Hii sura ni yangu. Meno haya ni yangu, mawili ya bandia. Kikaratasi hiki si changu, na maneno haya si yangu. Picha hii aliipiga mtoto wa marehemu kaka yangu nikimmenyea tunda, na akaipeleka kazini kwake. Kama mtoto niliyemlea anaweza kunifanya hivi kwa ajili ya kampuni hii, ninyi, ambao watu wake hawajawahi hata kula kwenu, mnadhani watawafanya nini?"

Bwana Tak akasimama: "Dalali anaogopa kukosa udalali wake!"

Nikamwambia, "Ndiyo, naogopa. Wewe huogopi kukosa bafu? Ahaa, samahani, wewe wameshakuhakikishia bafu kwenye ghorofa ya chini." Hilo nililisema kwa kubahatisha tu, Do-gyeom. Ungemwona rangi ilivyomtoka.

Halafu nikauliza nani kati ya walioketi pale aliomba bustani ya angani. Hakuna. Nani aliomba mkataba utaje mahali pa kulala wapangaji wakati wa ujenzi? Mikono ikapanda nyuma, walikosimama wapangaji, ambao hawaruhusiwi hata kuketi. Kisha, na hili sikulitegemea, Mzee Eom mwenye nyumba akainua wake. Na yule wa samaki. Mkuu wenu akatabasamu, akasema, "Tunalichukua hilo." Mzee Eom akajibu, "Unalipeleka wapi? Liandike hapa."

Hakuandika. Kura imeahirishwa hadi mwisho wa mwezi.

Umeniomba msamaha kwa karatasi. Mimi nilidhalilishwa ukutani, mbele ya mtaa mzima. Sikuuzii msamaha wa bei ya stempu. Panda hizo ngazi. Bisha kila mlango uwaambie kwa kinywa chako ulichofanya. Usivae suti.

Pyo Mal-sun


Busan, 25 Juni
(nakuandikia kutoka nyumba ya wageni karibu na stesheni)

Shangazi,

Nimefanya kama ulivyosema. Nilikuja bila ruhusa ya kazi, na kazini wamesikia. Leo asubuhi wamenipigia kuniambia nisirudi. Se-rin alilia kwanza, kisha akasema, "Maliza milango."

Mwenye duka la samaki alinisikiliza hadi mwisho huku anakata mkia wa samaki, akasema, "Baba yako angekuchapa," akaniwekea samaki kwenye mfuko. Mzee Eom alinifungia mlango kabla sijataja jina, nikasimulia mbele ya mlango uliofungwa, nikamsikia akikohoa upande wa pili. Mke wa Bwana Tak alinimwagia ndoo. Alisema alikuwa anaosha kizingiti. Wazee wako wa sataranji walinilazimisha kucheza nao, wakanifunga, wakaniambia sasa ndiyo niseme.

Watu wengine walinitukana. Wengi hawakunitukana, na hao ndio walionishinda. Nilikuwa nimezoea kusema "wakazi" kama mtu anavyosema "mawe". Sikujua ni vigumu namna hii kumwangalia mtu mmoja machoni kwenye mlango wake.

Chumba cha chini kwa Mzee Eom nilibisha mara kadhaa. Hakukuwa na mtu.

Mwisho nilifika kwako. Taa ilikuwa inawaka. Nilibisha nikasema, "Shangazi, ni mimi." Hukufungua. Nilikaa kwenye ngazi kidogo, kisha nikashuka.

Narudi Seoul kesho.

Do-gyeom


Busan, 2 Julai

Do-gyeom,

Nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya mlango nimeshika komeo. Nilikusikia unavuta pumzi, una kifua kama cha baba yako. Nilibaki nimelishika mpaka viatu vyako vilipofika chini kabisa. Usidhani ilikuwa rahisi, na usidhani najuta.

Kura imepigwa. Kampuni yenu imeshindwa. Wamechagua nyingine, ambayo imeandika kwenye mkataba kwamba wapangaji watapewa vyumba vya muda hapa hapa Busan na wataruhusiwa kurudi. Siiamini hata punje. Nayo imeshatuletea taulo. Lakini Mzee Eom na mimi tumechaguliwa kwenye kamati, na kila Jumatatu tunakwenda kuwakalia kooni. Bwana Tak amejiuzulu uenyekiti. Anasema ni presha.

Ofisi nitaifunga nyumba zikianza kubomolewa. Ulisema kweli kuhusu simu na vijana, nimeiona mwenyewe. Lakini ukweli huo haujapunguza ujinga wa hiyo simu.

Sasa sikiliza kwa nini sikufungua.

Chumba cha chini ulichobisha hakina mtu kwa sababu Bibi Gu aliondoka siku tatu baada ya kuniambia habari ya blauzi. Mimi alishaniamini tena. Mtaa ndio hakuuamini. Alisema, "Mal-sun, kama wamekuchukua sura wewe, mimi watanichukua nini?" Akamwita binti yake, yule waliyekuwa hawasemezani. Analala kwenye kibaraza chao cha vioo, pamoja na mashine ya kufulia. Angengoja kura, angepata chumba. Nimempigia kumwambia. Akasema ameshachoka kuhama, na huko choo kiko ndani.

Jioni naandaa bakuli mbili, kisha narudisha moja kabatini.

Milango yote ya Dolgogae umebisha, nimeambiwa, na nimekuheshimu kwa hilo, kidogo. Umebakiza mmoja. Uko kwa binti yake, mji wa Gimhae, jengo la nyuma ya soko la mboga, ghorofa ya tatu, lifti haipo. Anuani nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpelekee mapeari, meno yake hayana nguvu, kwa hiyo ummenyee mwenyewe, uyakate madogo. Ukae mpaka amalize.

Ukitoka huko, ndipo uje ubishe kwangu.

Shangazi yako,
Mal-sun